Majitaka ya Kamukunji Hutangulia Daktari

Kazi yenyewe haina mvuto. Asubuhi na mapema, maduka ya Eastleigh yakiwa bado yamefungwa, afisa wa afya ya umma mwenye glavu na gamboti hufunua shimo la majitaka katika kaunti ndogo ya Kamukunji, Nairobi, huteremsha ndoo kwa kamba na kuchota. Anahitaji lita moja tu. Saa hiyo imechaguliwa kwa makusudi: watu wameamka, wameenda msalani, wameoga, na bomba kuu linabeba kidogo kidogo kutoka kwa maelfu ya nyumba. Chupa hubandikwa karatasi yenye tarehe, saa na jina la mahali, hutiwa ndani ya kasha la barafu la aina ile inayobebea chanjo, kisha huanza safari ya kwenda maabara ya polio ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Barabara ya Mbagathi, upande wa pili wa jiji. Wapita njia huziba pua na kwenda zao.

Maabarani, maji hayo hukolezwa mpaka yakabaki mililita chache, halafu humwagiwa seli zinazooteshwa kwenye chupa. Aina moja ya seli hizo, iitwayo L20B, asili yake ni panya, ila imepandikizwa kipokezi cha binadamu ambacho kirusi cha polio hukitumia kuingilia. Virusi vingine vingi vya tumboni hugonga hapo na kushindwa. Kwa hiyo seli za L20B zikianza kufa, wataalamu hujua wamepata jambo, na hatua inayofuata ni kusoma jeni za kirusi ili kujua ni nani na ametoka wapi.

Sampuli iliyochotwa Kamukunji Machi 21, 2018 ilikuwa na jambo. Ndani yake kulikuwa na kirusi cha polio cha aina ya 2 kilichotokana na chanjo ya matone. Kirusi cha namna hiyo huzuka pale chanjo inapowafikia watoto wachache mno: kile kirusi kilichodhoofishwa hupita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, mwezi baada ya mwezi, mpaka kinarudisha ukali wake. Jeni zilionyesha kwamba ndugu zake wa karibu walikuwa Banadir, jimbo la mji wa Mogadishu. Hakuna wa kushangaa. Eastleigh na Mogadishu hufanya biashara kila siku, na wanapopita watu virusi navyo hupita.

Hakukuwa na mtoto aliyepooza Kamukunji, na hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Kati ya watoto 200 wanaoambukizwa polio, huenda ni mmoja tu atakayepooza. Wengine hupata homa kidogo au hawaonyeshi dalili yoyote, lakini wote hutoa kirusi kwenye choo kwa wiki kadhaa. Anayengoja mguu ulegee ndipo apige kengele amechelewa tayari. Njia ya zamani bado inatumika nchini kote: kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mkono au mguu huchukuliwa sampuli mbili za choo, kwa kupishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Njia ya majitaka iliongezwa baada ya mlipuko wa 2013, ambao nchini Kenya ulianzia kambi ya Dadaab na kuwapoozesha watu 14. Tangu hapo, mtaro umekuwa ukisema kabla daktari hajaona kitu. Mwaka 2018 kampeni za chanjo zilifuata Nairobi na katika kaunti nyingine. Mwaka 2024 mtaro wa Kamukunji ukasema tena, safari hii pamoja na visa kutoka kambi ya Kakuma, na mwanzoni mwa Oktoba wachanjaji wakapita mlango kwa mlango katika kaunti kadhaa wakiwatafuta watoto zaidi ya milioni 3.

Mama wa Eastleigh aliyebishiwa hodi siku hizo aliambiwa afungue mlango, mtoto afungue mdomo. Kwamba habari ilianzia katika bomba lililo chini ya barabara yake mwenyewe, huenda alilisikia redioni, huenda hakulisikia kabisa. Ni sehemu chache za Afrika Mashariki ambazo zimepimwa, zimehojiwa na kutolewa damu kwa miaka mingi kama Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi. Habari hupanda kutoka mitaa hii hadi wizarani, hadi Geneva, hadi Atlanta, na hupanda kwa mpangilio mzuri. Kushuka ndiko kwenye tabu.

Mara moja habari ilishuka vizuri, na mfano huo uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Eastleigh.

Majengo, Pumwani, ni mtaa ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya ukoloni ilipowatengea Waafrika wa mjini mahali pa kujenga. Nyumba zake za udongo zilimilikiwa na Waswahili na wahamiaji wa kila kabila, wanawake wakiwa wengi miongoni mwa wenye nyumba, na vyumba vilikodishwa kwa wapangaji waliokuja mjini kutafuta riziki. Mwaka 1980 Profesa Herbert Nsanze wa Chuo Kikuu cha Nairobi alimwalika Allan Ronald wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wasaidiane kuchunguza magonjwa ya zinaa yaliyokuwa yakijaza kliniki za jiji, hasa pangusa, ule ugonjwa wa vidonda vya sehemu za siri. Wagonjwa wa kiume waliulizwa walikoambukizwa. Wengi walitaja Majengo. Ndivyo timu ilivyofika kwa wanawake waliokuwa wakiuza miili yao huko, na daktari kijana wa Kikanada, Frank Plummer, akawa miongoni mwa walioanza kuwafuatilia.

Ukimwi ulikuwa bado habari ya mbali. Kisa cha kwanza nchini kilitambuliwa 1984. Mwaka 1985 timu ikapima damu ya wanawake wa Majengo ikitarajia kupata kidogo au kukosa. Karibu theluthi mbili walikuwa na virusi. Watafiti walirudia vipimo kwa kutoamini macho yao, kisha matokeo yakachapishwa 1986, yakaongeza ushahidi kwamba ugonjwa huu ungeenea Afrika kwa njia ya kawaida kabisa ya mwanamume na mwanamke.

Utafiti mwingine ungeishia hapo, kwenye jarida. Huu haukuishia hapo kwa sababu ya muuguzi mmoja Mkenya, Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa. Ngugi aliita mabaraza. Aliwakusanya wanawake wa Majengo, akawaambia kilichopatikana kwenye damu yao kwa lugha wanayoitumia, wakauliza maswali, wakachagua viongozi miongoni mwao, na viongozi hao wakachukua jukumu la kuwafundisha wenzao kutumia kondomu na kumkatalia mteja asiyetaka. Matumizi ya kondomu yakapanda, maambukizo mapya yakapungua, na matokeo hayo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1988, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zinabishana kama ugonjwa upo. Hesabu iliyotolewa miaka michache baadaye ilikadiria kwamba mradi huo, kwa gharama ndogo, ulikuwa ukizuia maambukizo kati ya 6,000 na 10,000 kwa mwaka, ukihesabu wateja, wake zao na wengine wa mbele.

Kisha likaja fumbo lililoipa Majengo jina duniani. Wanawake wachache walikuwa wakikutana na virusi mwaka baada ya mwaka na hawaambukizwi. Seli zao za kinga zilitambua seli zilizoingiliwa na kirusi na kuziua kabla hakijajenga makao. Wanasayansi wa Nairobi na Oxford walitumia maarifa hayo kubuni chanjo, na mwaka 2001 ikaanza kujaribiwa kwa watu waliojitolea jijini Nairobi. Haikufua dafu. Lakini kabla hata ya sindano ya kwanza Nairobi, mwaka 2000, kulikuwa na ugomvi mkali: watafiti wa Kenya waligundua kwamba wenzao wa Uingereza walikuwa wameomba hataza ya chanjo hiyo bila kuwaweka ndani. Suluhu ilipatikana baadaye. Wenye damu, wanawake wa Majengo, hawakuwa kwenye meza ya hataza wala ya suluhu, na jambo hilo lilishangaza watu wachache mno.

Ngugi alifariki 2015. Plummer, aliyekuwa amepanda hadi kuongoza maabara kuu ya vijidudu ya Kanada mjini Winnipeg, alifariki Nairobi Februari 4, 2020, alipokuwa amekuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano huo. Wiki tano na siku chache baadaye, Machi 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha Korona nchini.

Safari hii Eastlands haikuitiwa baraza. Mei 6, 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Eastleigh, sawa na Mji wa Kale wa Mombasa, na kizuizi kikadumu mwezi mzima. Polisi walisimama kwenye njia za kuingilia. Wenye maduka na wachukuzi wa mizigo wakabaki kutazamana. Vituo vya kupima viliwekwa mtaani, waliojitokeza wakawa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na waziri akalalamika hadharani. Sababu ilijulikana na kila mpangaji. Aliyekutwa na virusi alipelekwa karantini, na kwa wiki kadhaa za mwanzo karantini hiyo alijilipia mwenyewe, kwa siku, mpaka serikali ilipokubali kubeba gharama katika vituo vyake. Mtu anayeishi kwa kipato cha leo angejipima ili iweje?

Mtindo wa kutibu maradhi kwa kuwafungia au kuwahamisha watu una umri mkubwa Nairobi. Tauni ilipozuka 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya afisa wa matibabu. Tauni ikarudi, na 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa kutoka Uingereza, akashauri Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali kwa sababu za kiafya. Ramani ya Eastlands, na swali la kwa nini Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni viko vilipo, haiwezi kuelezwa bila ushauri huo.

Na virusi vya Korona? Novemba 2020 watafiti walipima damu za watu katika mamia ya nyumba za Nairobi, wakapata kwamba mtu mmoja kati ya kila watatu hivi alikuwa na alama za kuwahi kuambukizwa. Kwa makadirio yao, kila kisa kimoja kilichoandikwa kwenye takwimu za serikali kiliacha makumi ya wengine nje ya daftari. Wakati polisi wanalinda njia za Eastleigh, kirusi kilikuwa kinazunguka jiji lote kwa matatu.

Daftari lenyewe lina jina: MOH 505. Ni karatasi ya kila wiki ambayo kila kituo cha afya, kuanzia hospitali ya Mama Lucy Kibaki hadi zahanati ya vyumba vitatu huko Kayole, hutakiwa kuijaza. Magonjwa yameorodheshwa kwa safu: kipindupindu, surua, kupooza kwa ghafla, kuhara damu, homa ya uti wa mgongo, homa ya manjano, tauni na mengineyo. Mbele ya kila ugonjwa kuna visanduku vya walio chini ya miaka mitano na waliozidi, wagonjwa na vifo. Muuguzi hujaza hata pale ambapo hakuna kitu, kwa sababu sifuri iliyoandikwa ina maana tofauti na kisanduku kitupu: sifuri inasema tumetazama na hatukuona. Kisanduku kitupu hakisemi lolote. Takwimu huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Kwa kipindupindu hakuna kungoja wiki iishe. Kisa kinachoshukiwa hupigiwa simu ndani ya saa 24.

Mfumo ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba unamhesabu aliyefika kituoni.

Mkazi wa mtaa wa Pipeline anayeanza kuharisha saa nne usiku hafiki kituoni. Anateremka ngazi, anavuka barabara hadi kwa kemisti, anaeleza shida yake juu ya kaunta na kuondoka na vidonge vya bei anayoiweza. Kemisti hana MOH 505. Wengi hawaendi hata huko. Wanachemsha chai ya rangi yenye chumvi na kungoja kupambazuke. Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliokamilika 2016 ulipiga hesabu ya pengo la namna hii na kugundua kwamba karibu asilimia 40 ya wenye ugonjwa huo walikuwa hawagunduliwi wala kutibiwa. Kifua kikuu huchukua miezi kumdhoofisha mtu. Kipindupindu kinaweza kumaliza kazi yake kwa siku moja.

Ndiyo maana takwimu bora za Eastlands hazikutoka hospitalini. Zilitoka milangoni. Kuanzia 2002 kituo cha utafiti cha APHRC kiliwafuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani, zaidi ya watu 60,000, wahojaji wakirudi nyumba kwa nyumba mara kadhaa kwa mwaka kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mtu alipokufa nyumbani bila daktari, waliobaki waliulizwa kwa utaratibu alivyougua, na madaktari walisoma majibu na kukadiria chanzo. Uchunguzi uliotangulia kazi hiyo, wa mwaka 2000, ndio uliotoa tarakimu ambazo hazikutarajiwa na wengi: katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watoto 151 kati ya 1,000 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mashambani walikuwa 113. Katika Nairobi kwa jumla, 62.

Mpaka wakati huo wataalamu waliamini kwamba mjini ni salama kuliko kijijini, kwa sababu hospitali ziko karibu. Wastani wa jiji ulikuwa umewaficha watoto wa Korogocho nyuma ya watoto wa mtaa wa kitajiri wa Lavington. Uchunguzi huo uliporudiwa 2012, vifo katika mitaa hiyo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 80 kwa 1,000, na hapo ni haki kusema kwamba tarakimu zilisaidia: mitaa ambayo zamani haikuwa hata kwenye ramani ya wizara ilianza kupangiwa chanjo na zahanati.

Kipindupindu ndicho kinachoonyesha kwa uwazi zaidi ni kilio cha nani kinachosikika. Tangu 2015 ugonjwa huo ulikuwa ukiingia na kutoka katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na habari zake zilipata nafasi ndogo kurasa za ndani. Juni 2017 watu waliohudhuria mkutano wa kitaalamu katika hoteli moja ya kifahari jijini waliugua. Julai ikafuata zamu ya maonyesho ya biashara katika jumba la KICC, na mawaziri wawili, Henry Rotich wa Fedha na Adan Mohamed wa Viwanda, wakalazwa. Ndani ya siku chache waziri wa afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, alikuwa mbele ya kamera. Mikahawa ikafungwa, wapishi wakaamriwa kupimwa upya. Haya yote yalitokea wakati wauguzi wa umma nchini walikuwa wamegoma tangu Juni, mgomo ambao ungeendelea hadi Novemba. Zahanati za kaunti, zile zinazojaza MOH 505, zilikuwa na milango iliyofungwa au muuguzi mmoja mchovu, na wiki baada ya wiki visanduku vikabaki vitupu.

Chanzo hakihitaji darubini. Huko Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, maji hupita kwenye mipira myembamba ya plastiki inayotambaa ndani ya mitaro ile ile inayobeba uchafu. Mpira hutobolewa na panya, au na mshindani wa biashara. Maji yanapokatika, shinikizo hushuka na mtaro hunyonywa ndani ya bomba. Maji yakirudi, mtungi wa lita 20 wa kwanza ndio hatari. Akina mama wa huko wanalijua hili bila kufundishwa, na wengi humwaga maji ya mwanzo, lakini maji yenyewe yamelipiwa, na kumwaga ulicholipia kuna kikomo. Mathare, ambako sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 68,000 katika kila kilomita ya mraba, choo kimoja huwa na foleni. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru na Viwandani kuwa eneo la mpango maalumu, baada ya wakazi na shirika la Muungano wa Wanavijiji kukusanya wenyewe takwimu za kila ploti: nani analipia maji kiasi gani, choo kiko wapi, kinatumiwa na wangapi. Hapo wakazi walikuwa wameshika kalamu wao. Mabomba ya majitaka yaliyofuata, katika baadhi ya sehemu, yalipita mahali walipoonyesha wao.

Mlipuko mwingine mkubwa ulianza Oktoba 2022, baada ya harusi huko Limuru, ukafika kaunti nyingi na kuua zaidi ya watu 200 nchini kabla ya kutulia mwaka uliofuata. Safari hiyo kulikuwa na chanjo ya kipindupindu ya kunywa, iliyotolewa Nairobi na kaunti nyingine tatu kuanzia Februari 2023. Na kulikuwa na jeshi jipya likijiandaa.

Jeshi hilo ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi waliitwa wa kujitolea, na kujitolea huko kulikuwa kwa kweli: kazi bila mshahara, mara nyingine posho ya mradi ikija, mara nyingine isije. Septemba 25, 2023, Uhuru Gardens, Rais William Ruto alizindua ugawaji wa vifaa kwa watu 100,000 wa kazi hiyo nchi nzima. Mkoba una kipimajoto, mashine ya shinikizo la damu, kipimo cha sukari, mizani, na utepe wa kupima mkono wa mtoto ambao rangi nyekundu ina maana ya utapiamlo. Kuna simu pia, na ndani yake mfumo wa kuandikia kila nyumba. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti, na kuchelewa kwa nusu moja au nyingine kumewafanya waandamane katika kaunti kadhaa.

Kila mmoja hupewa karibu nyumba 100. Nyumba 100 Kitui ni matembezi ya siku nzima kwenye jua. Tassia au Pipeline, nyumba 100 zinaweza kutoshea katika jumba moja la ghorofa nane, na mtihani ni ngazi, giza la korido, na bawabu anayetaka kujua ni nani aliyekutuma. Wapangaji wa mchana ni akina mama wenye watoto wachanga na wafanyakazi wa zamu ya usiku waliolala. Wengine wote hurudi saa mbili usiku, saa ambayo mhamasishaji naye ana watoto wake wa kulisha. Wapangaji huhama mwisho wa mwezi. Orodha iliyokamilika Machi huwa ina majina ya wageni Mei.

Hata hivyo, watu hawa wana kitu ambacho MOH 505 haina: wanasikia mambo kabla hayajawa ugonjwa wenye jina. Kupitia mfumo wa simu uitwao m-Dharura, wanafundishwa kuripoti ishara. Watu wawili au zaidi wa sehemu moja wanaougua dalili zinazofanana. Mifugo inayokufa ghafla. Mtu mzima anayeharisha maji matupu. Mtoto aliyelegea mguu. Hakuna haja ya kujua ni ugonjwa gani. Hiyo ni kazi ya afisa wa kaunti ndogo, ambaye ishara humfikia kwa simu na ambaye anatakiwa kwenda kuthibitisha. Tatizo linalozungumzwa na wahamasishaji popote wanapokutana ni lile lile la siku zote: waliripoti, ujumbe ukaenda, na hawakuambiwa kilichopatikana. Jirani aliyewapa habari huuliza, nao hawana jibu, na safari nyingine jirani huyo hafungui mlango. Mwaka 2015, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipowataka waumini wasusie kampeni ya chanjo ya polio, ilionekana jinsi pengo hilo la majibu linavyojazwa upesi na maneno ya wengine.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Matokeo ya majitaka ya Kamukunji yanaweza kubandikwa kwenye ukuta wa zahanati, kwa Kiswahili na Kisomali, wiki yanapotoka maabara. Kemisti wa Pipeline anaweza kupewa fomu ya mistari mitano na namba ya kupiga. Ngugi alifanya zaidi ya hayo bila simu ya kisasa hata moja.

Mwaka 2025 ulileta hesabu nyingine. Januari, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki za virusi vya Ukimwi, ambazo kwa miaka zililipiwa wafanyakazi na vipimo na fedha hizo, zikaachisha watu kazi. Katikati ya mwaka, chanjo ya BCG na ile ya polio ziliadimika katika vituo vingi vya umma, na akina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wachanga mgongoni. Nchi inayotazama mtaro kwa makini ikakosa, kwa wiki kadhaa, matone ya kuwapa watoto.

Kisha Desemba 4, mjini Washington, Kenya na Marekani zikatia saini mkataba wa afya wa miaka mitano. Marekani ingetoa hadi dola bilioni 1.6, na Kenya ingeongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Ndani ya mkataba kulikuwa na suala la kubadilishana data za afya na sampuli za magonjwa. Shirikisho la kutetea watumiaji bidhaa, COFEK, likaenda mahakamani likisema habari za siri za wagonjwa zingehatarishwa, na Desemba 11 Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu zinazohusu kuhamisha data hizo. Ruto alikuwa amewahakikishia Wakenya kwamba data yao ingebaki chini ya sheria za Kenya. Walalamishi walitaka jaji alithibitishe hilo kwanza, kabla faili haijasafiri.